Ua la Nta la Mama Damari

Mama mkwe wangu Damari, mke wa mwinjilisti Zefania wa Kinampanda, hakuwa mchawi. Naanza na neno hilo kwa sababu hivi karibuni, kwenye arusi huko Kiomboi, nilimsikia mwanamke aliyezaliwa baada ya mambo haya akimnong'oneza mwenzake: "Hao ndio wa ile nyumba ya mmea wa maziwa." Walioona kwa macho yao karibu wote tumekwisha kuwazika, na mume wangu Gabrieli pia. Mimi nipo, na nilisomeshwa kuandika. Wapo wa nyumbani watakaokasirika nikiitaja habari ya kibuyu. Wakasirike.

Damari alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mzito wa maneno. Kabla sijaolewa alikuwa akimfulia na kumpigia pasi muuguzi mmoja wa Kizungu wa misheni. Muuguzi yule aliporudi kwao moja kwa moja, miaka michache baada ya vita vya Hitla, alimwachia mmea wake wa barazani. Ulikuwa mmea wa kutambaa, na majani yake manene yaling'aa kama yamepakwa nta. Maua yake nayo, alisema yule muuguzi, yangekuwa kama ya nta, yamekusanyika kama kishada, yakinukia asali. Damari hakuwahi kuyaona. Aliambiwa tu, akaamini.

Nilipoingia nyumba ile kama bibi arusi, niliukuta mmea chumba cha mbele, kando ya dirisha la vioo. Majirani zetu walikaa katika tembe za udongo, zenye giza mchana kutwa. Nyumba ya mwinjilisti ilikuwa ya matofali, na mmea ulipenda mwanga. Ulipandwa kwenye kopo la samli lililotobolewa chini kwa msumari, ndani yake udongo wa majani yaliyooza, mchanga na vipande vya mkaa. Nikasema kopo ni dogo, tuuhamishie kwenye debe.

"Uache ubanwe," Damari alinijibu. "Ukipata nafasi kubwa unakuwa mvivu."

Nikataka kuumwagilia.

"Kidole udongoni kwanza, maji baadaye. Udongo ukikaa na maji, mizizi inaoza."

Mara mmea ukatoa kamba ndefu isiyo na jani hata moja, kama umekufa upande mmoja, nami nikashika kisu. Alikishika kiwiko changu. "Hiyo haijafa, binti yangu. Inatafuta njia. Majani huja nyuma." Kila Jumamosi aliyafuta majani kwa kitambaa chenye maji, kuondoa moshi na vumbi, akiyashika kwa chini kama unavyoshika kidevu cha mtoto.

Ndipo ukaja mwaka wa ukame, Waingereza wakiwa bado wanatutawala. Nyasi ziliisha mapema na ng'ombe wakakauka maziwa, wetu wawili wakiwa wa kwanza. Mwaka huohuo, kwenye shina lililozunguka dirisha, kilitokea kikonyo kifupi chenye matumba madogo ya rangi ya waridi. Damari ndiye aliyeyaona kwanza. Kisha akatuonya wote: kopo lisisogezwe hata kidogo wala kugeuzwa. Mmea huu ukihamishwa ukiwa na matumba, huyaangusha.

Sasa niseme ya kibuyu. Kwetu mwanamke hafunui kibuyu chake cha maziwa mbele ya wanaume wa nje. Kikiwa tupu, amemvua nguo mumewe. Na nyumba ya mwinjilisti, ambamo kila mpita njia alikunywa chai ya maziwa, ingeonekanaje tupu? Damari alitia maji kwenye kibuyu, na kila asubuhi alikaa nyuma ya jiko akikisukasuka kama anayetafuta siagi. Majirani walisikia ile sauti ya kibuyu, wakajua nyumba ya Zefania haijapungukiwa. Ndivyo alivyotaka wajue.

Siku moja Stumai, mke mdogo wa jirani yetu Mzee Alute, alikuja kuomba moto. Alipokuwa akipita dirishani, bega lake likakwama kwenye mmea, jani likavunjika, na tone jeupe likamdondokea mkononi. Alilitazama.

"Mama Gabrieli, huu mti una maziwa."

"Ni utomvu tu. Hata mnyaa unao."

"Mnyaa tunaupanda uani," Stumai alisema, "si chumbani." Akaondoka bila moto.

Kufikia jioni Mzee Alute alikuwa ameshajua. Alikuwa na ng'ombe wengi, wote wamekauka, na ndama wake mmoja alikuwa amekufa juzi yake. Alisimama njiani akamwambia kila aliyepita: "Ng'ombe zangu zinakamuliwa dirishani kwa Zefania. Hamsikii kibuyu chake asubuhi? Ukame huu, yeye anasuka maziwa ya nani?"

Neno lile lilienea. Watoto waliokuja kwetu kusikiliza mazungumzo na hadithi za Damari walikatazwa na mama zao wasije. Wazee wa kanisa walimwambia baba mkwe asisimame mimbarani mpaka jambo liishe. Jumbe Mughwai, aliyesimamia kijiji chini ya mtemi, akatuma ujumbe kwamba atakuja kuutazama mmea, na kama ni dawa, ataipeleka habari kwenye baraza la mtemi. Tulijua maana yake: Zefania angevuliwa utumishi, nasi tungekuwa ukoo wa wachawi hata kwa vitukuu.

Gabrieli wangu, aliyekuwa mwalimu, alitembea huku na huku chumbani. "Tumshtaki Mzee Alute sisi kwanza, kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Sheria ya serikali inakataza kumwita mtu mchawi."

"Tukishinda, watatuitaje?" Damari alimwuliza. "Watasema, 'Yule aliyeshtakiwa uchawi akashinda.' Neno la mbele ni lipi hapo?"

"Basi tuuchome, mama. Ni mmea tu!"

"Ukiuchoma umekiri."

Baba mkwe alikuwa akiyatazama matumba.

Asubuhi waliyokuja, Damari alikisuka kibuyu kama kawaida. Nilidhani amerukwa na akili. Walikuwa Jumbe, wazee wawili wa kanisa, na Mzee Alute na fimbo yake. Stumai alisimama nyuma yao mlangoni. Mimi, mkwe mgeni, nilibaki nyuma ya mlango wa jikoni, nikiona kupitia ufa.

"Utoeni nje," alisema Alute. "Uchomwe mbele ya watu."

"Una matumba," Damari alisema. "Ukisogezwa yanaanguka."

"Mimi nimefiwa na ndama, wewe unaniambia maua!"

"Taratibu, mzee," alisema Jumbe. "Mama Gabrieli, huyu anasema kila asubuhi unasuka maziwa. Ni kweli?"

"Kusuka, ni kweli."

"Leo pia?"

"Leo pia. Mmesikia wenyewe."

Alute alipiga fimbo chini. "Mnaona? Hata haoni haya!"

Damari alipita mbele yangu akaingia jikoni. Akakichukua kibuyu. Baba mkwe alipokiona kikija sebuleni alisema kwa sauti ya chini, kwa Kinyiramba, asifanye hivyo. Damari hakugeuka.

"Mzee Alute, kinga mkono."

"Mimi? Sigusi!"

"Kinga, mzee," Jumbe alisema. "Sisi tupo."

Alute akakinga. Damari akatoa kifuniko, akakiinamisha kibuyu. Yalitoka maji. Maji matupu, yenye harufu ya moshi, yakamjaa kiganjani yakamwagika kwenye viatu vyake.

Mzee mmoja wa kanisa alisogea, akachovya kidole, akalamba. "Maji," akasema.

"Mama Gabrieli," Jumbe alisema polepole, "ulikuwa unasuka maji?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Ili ninyi msijue."

Yule mzee wa kanisa akaanza kucheka. Alijizuia, akashindwa, na Jumbe naye akafuata. "Mke wangu mimi anatikisa mawe chunguni ili tusikike tunapika," alisema Jumbe akifuta macho, "kumbe mko wawili!" Baba mkwe peke yake alikuwa ameinamisha kichwa.

Alute hakucheka. "Na maziwa yangu yako wapi?"

"Yako huko juu na mvua," Jumbe alisema. "Kayadai huko."

"Na mti huu je? Habari ya maziwa yake niliambiwa na mke wangu mwenyewe!"

Nilidhani yamekwisha, kumbe Damari hakutaka yaishe nusu. Alichukua kisu mezani, akalikata lile shina lenye matumba, lile alilolisubiri miaka yote, akamnyooshea Alute huku utomvu ukidondoka. "Chukua. Kakae nao nyumbani kwako. Kama unavuta maziwa, yatakuja kwako."

Alute akaficha mikono nyuma. Fimbo ikaanguka.

"Nipe mimi," Stumai alisema kutoka mlangoni. "Mimi ndiye niliyeuvunja." Akapita katikati ya wanaume akalipokea.

"Mzee Alute," alisema Jumbe, "mkeo ana moyo kuliko wewe."

Damari akamwambia Stumai asilipande siku ile, aliache kivulini mpaka kidonda kikauke. Walipoondoka, baba mkwe akasema, "Umenivua nguo mbele ya watu, Damari."

"Nimekuvua nguo," alijibu. "Wao walikuja kukuvua jina." Akaanza kukifuta kisu.

Jumapili iliyofuata Zefania alihubiri. Mvua zilichelewa lakini zilikuja, na ng'ombe wa Alute wakatoa maziwa kama wa watu wengine. Hapakuwa na mtu wa kuendelea na yale maneno, kwa kuwa mmea ulikuwa nyumba zote mbili.

Matumba ya lile shina yalianguka yote, na mmea wetu ulikaa miaka kadhaa bila kuchanua. Wa Stumai ulitangulia. Alikuwa amemlazimisha mumewe kutoboa dirisha kwenye ukuta wa tembe, akaja kumwita Damari, nami nikamsindikiza. Kishada kilikuwa kimeanza kufunguka. Damari alitaka kukinusa, akajisahau, akashika kopo alisogeze karibu.

"We mama Gabrieli!" Mzee Alute aliruka kutoka kigodani. "Usiliguse! Hujui kwamba ukilisogeza, matumba yanaanguka?"

Damari akaliachia kopo. "Shikamoo, mzee," akasema, akainama yeye mwenyewe mpaka pua ikafika kwenye maua.