Ketki Devi Alipoulizwa Pampu Iwekwe Wapi

Wilaya yetu ina watu wengi hadi wanaotumwa kuwahesabu huchoka njiani wakaketi kunywa chai, na kila mmoja wetu ana shemeji ofisini. Juu kabisa yupo mkuu wa wilaya, chini yake makatibu, chini yao makatibu wa makatibu, na mwisho kabisa, kwenye matope, yupo mwenyekiti wa kijiji. Hapa Kakrahiya mwenyekiti alikuwa Ketki Devi. Ukimtaka, ulimkuta uani anakanda mavi ya nyati wao wa kufugwa, ayakaushe yawe kuni.

Kazi yenyewe ya uenyekiti aliifanya mumewe, Girdhari. Serikali ilipotangaza kwamba safari hii kiti chetu ni cha mwanamke, Girdhari aliugua siku nzima, kisha akakumbuka kwamba ana mke. Kwenye mabango ya kampeni masharubu yake yalijaza nusu ya karatasi. Ketki alikuwa pembeni, ushungi wa sari umemfunika hadi kidevuni. Ungeweka gunia la viazi pale na kura zingekuwa zile zile. Akashinda, na mashada ya maua akavishwa Girdhari. Mikutanoni akaenda Girdhari, mihuri akagonga Girdhari, na wakubwa wakamwita mheshimiwa bila haya.

Mimi nakaa Mtaa wa Chini, na ndio sisi tuliompa kura nyingi, wajinga ndio waliwao. Maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi, watoto wakiharisha, na maji ya kunywa tukiyafuata kwenye mfereji wa mashamba, mbali. Ketki alikuwa akija kwetu kukata majani ya nyati wake, kwa hiyo aliyaona yote. Serikali ilipoleta pampu moja ya kisima kirefu, tukasema leo ni leo. Girdhari akasema itachimbwa zizini kwake, kwa manufaa ya umma. Umma wenyewe ulikuwa nyati wanne. Nilimchukia, sifichi.

Ndipo akaja mkuu wa wilaya mpya, binti wa miwani, mwembamba, mkavu wa maneno. Akatoa amri: mahali pa pampu patatajwa na mwenyekiti mwenyewe, mbele ya kijiji kizima, na atakayemjibia atatolewa nje. Girdhari hakutishika. Asubuhi ya mkutano nilikwenda kwao kuomba mtindi, nikamkuta anamfundisha mkewe jikoni.

"Utaulizwa wapi. Jibu: Zizi la Girdhari. Hata kasuku anaweza."

"Si niseme tu zizini kwetu?"

"Kwetu ndio wapi? Wewe sema nilivyokwambia. Nataka jina langu liandikwe wilayani."

Ketki akageuza chapati. "Haya, Baba Kusum."

Mchana tukakusanyika chini ya turubai. Wanaume mbele, wanawake nyuma, Ketki kwenye kiti cha plastiki, ushungi umeshuka vile vile.

"Mama mwenyekiti," akauliza mkuu wa wilaya, "pampu iwekwe wapi?"

"Nafasi ziko mbili, mheshimiwa," ikajibu sauti ndani ya ushungi. "Ya kwanza siwezi kuitaja."

"Kwa nini?"

"Ina jina la mume wangu."

Kwetu mke hatamki jina la mumewe. Akilitamka anampunguzia umri, na hilo hata mbuzi wetu wanalijua. Mwaka alioolewa, jina lilimponyoka Ketki mara moja tu. Girdhari akasusa chakula chake mpaka bibi harusi wa watu akaomba radhi mbele ya ukoo mzima.

Girdhari akasimama. "Taja tu. Nimekuruhusu."

Askari akamshika bega, akamkumbusha amri. Kabla hajaketi vizuri, mama yake, Bi Dulari, akanyanyuka huku nyuma kwetu.

"Kaa chini, wewe. Unataka mkeo akuue mbele yangu? Nina mtoto mmoja tu, na mwenyewe ndiye huyo."

Wanawake tukaunga mkono kwa kelele. Mimi nikatangaza kwamba mke mwenye adabu hathubutu, na wanaonijua wakanigeukia, maana adabu yangu haijawahi kuvuka kizingiti.

Mkuu wa wilaya alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwamo. "Serikali haiwezi kumlazimisha mama avunje heshima ya ndoa yake," akasema. "Nafasi ya pili ni ipi?"

"Mtaa wa Chini. Penye mwarobaini."

Katibu akaandika. Girdhari akafumbua mdomo, akamwona askari, akaufumba.

Ketki alinisimulia mwenyewe yaliyofuata nyumbani. Mume aliisukuma sahani, akamkazia macho.

"Ulifanya makusudi?"

"Makusudi gani, Baba Kusum? Nilitaka uishi."

Akaivuta sahani, akala.

Pampu ilichimbwa, na siku maji matamu yalipotoka nililia mbele za watu. Ketki alishuka na mkwewe kuja kuyaonja. Bi Dulari akakinga kiganja, akanywa, akafuta mdomo kwa pindo la sari, akamtazama mkaza mwanawe anavyopampu.

"Na mimi," akasema, "baba yake Girdhari nimeishi naye mpaka namzika, jina lake sijalitamka hata siku moja. Hata ndoo moja sikupata."