Agence ya mizigo ilirekodi maombi yangu, nikayasikia yakipigwa mbele ya wateja

Amani ya Bwana iwe nanyi wakuu. Mimi ni mzee wa kanisa hapa mjini Baraka. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi neno.

Huku kwetu, watu wanaosali pamoja hawakati simu hivi hivi. Mnaulizana habari, mnamaliza shughuli, kisha mmoja anaomba. Hata kama ni simu ya biashara.

Mwaka jana nilipigia agence moja ya kusafirisha mizigo kuuliza dawa zilizotoka Uvira. Zilikuwa za Ruben, mfugaji wa Bibokoboko, ndugu yangu katika imani. Watu wenye silaha walimtafuta kule milimani, akashuka na mke na mtoto, tukamficha kijijini Lweba. Tuliojua tulikuwa wachache.

(Mwanzoni mashine ilisema simu inarekodiwa. Nani huisikiliza ile?)

Aliyepokea ni Neema, anaimba kwaya kwetu. Tulipomaliza akasema, "Papa, utuombee basi."

Nikaomba. Nikamtaja Ruben kwa jina, na mama aliyempokea, na nyumba yake nyuma ya shule ya Lweba, ili Bwana aizungushie ukuta wa moto.

Nikasahau.

Juzi nimekwenda pale kuchukua mfuko wa mbegu. Benchi limejaa wateja. Neema anamfundisha mfanyakazi mpya, kompyuta imefunguliwa sauti yote. Nikasikia mzee anaomba.

Wakuu, ilikuwa sauti yangu.

Neema akaniona, akafurahi. "Eh, papa! Sauti yako iko inatusaidia! Tunaonyeshaka bapya namna ya kuongea na client muzuri!"

Mtu mmoja kwenye benchi akatania, "Papa, pitisha na kikapo ya sadaka!" Wakacheka wote.

Maombi kwenye kompyuta yalishafika ile nyumba nyuma ya shule.

"Zima, binti yangu. Zima."

Nikaingia kwa chef wao, mkuu wa ofisi, nikamuuliza sauti za watu wanazichunga kwa muda gani.

"Papa, hatufutaka hata moja. Client akikana kama hakuagiza, tunamusikilizisha."

Nikamwambia dawa zilipokelewa zamani, na hakuna aliyekana kitu. Akafikiri, akafuta mbele ya macho yangu. Namshukuru Mungu kwa moyo wake.

Nikarudi kwa Neema. "Kuko mwingine iko nayo?"

Neema akainamisha kichwa. "Tuliirusha mu groupe ya kazi ku simu, papa. Sijui nani aliituma wapi."

Nikatoka bila mbegu. Nikapanda pikipiki hadi Lweba, na kila tuliyempita nilimwona kama aliyekuwa kwenye lile benchi.

Ruben hakunilaumu. Alinisikiliza hadi mwisho, akamwambia mkewe, "Funga vitu." Mtoto wao alikuwa ameshazoea shule. Jua halijazama wakaondoka, nami nikamwomba asiniambie waendako.

Wakuu, nilichojifunza: sauti ya mteja ichungwe mpaka kazi yake iishe na muda wa kulalamika upite, kisha ifutwe. Isigeuzwe somo wala mchezo wa kurushiana. Nasi tunaosali, Mungu hahitaji kuelekezwa nyumba ya mtu kwenye simu.

Wenye biashara na wanasheria mlio humu, kwenu ni miezi mingapi? Sheria inasemaje? Nijibuni hapa hapa. Ikiita namba nisiyoijua, siku hizi naiacha iite mpaka inyamaze.