Mama alifukiza chungu cha nano, ukoo ukataka wanangu warudi kwenye maji ya lambo

Wakuu, salamu kutoka Kimali, huku Meatu. Nimeishia la saba na naandika polepole, mnivumilie. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hakuna neno la kuazima.

Maji yetu ni ya lambo. Ng'ombe wanakunywa upande huu, sisi tunachota upande ule.

Mapacha wangu, Kulwa na Doto, walikuwa hawaachi kuharisha. Doto alifika mahali hata kukaa hawezi.

Nilipopeleka pamba Bariadi nikakuta duka linauza chungu cha kuchujia maji. Muuzaji akanieleza kuwa udongo wake una vitundu vidogo sana, na umepakwa madini ya fedha, yale ya kutengenezea pete, ila yako katika punje za nano ambazo jicho haliwezi kuziona. Vitundu vinazuia uchafu, fedha inaua vijidudu.

Nikauliza, kinaondoa na chumvi? Akasema hapana.

Hapo ndipo nikamwamini. Tangu soko liwe huria, kila muuzaji dawa yake inatibu kila kitu.

Nikanunua. Matumbo ya wanangu yakatulia.

Sasa mama. Huku kwetu kibuyu cha maziwa kikishaoshwa kinafukizwa moshi, maziwa yasiharibike. Mama aliona maji yananukia udongo, akawahurumia wajukuu zake, akakifukiza chungu vizuri kabisa. Masizi yakaziba vitundu.

Nikasugua kwa brashi laini kama nilivyoelekezwa. Wapi. Hakikutoa hata tone.

Bamkubwa, kaka wa marehemu baba, ndiye mwenye kauli kwenye mji wetu. Akatuita wote.

"Chungu chako kimekufa. Watoto warudi lambo. Sisi tulikunywa, tumekufa?"

"Wengine walikufa, bamkubwa."

Wakuu, mimi hata chai hotelini naagiza kwa kunong'ona. Sijui sauti ile ilitoka wapi.

"Unanijibu mimi?"

"Nakujibu. Kulwa na Doto hawanywi yale maji."

Shangazi akacheka. "Mwacheni mzungu wetu, atawanywesha soda."

Bamkubwa hakucheka. "Basi msimu ukifika usije kuomba ng'ombe wangu wa kulimia."

"Sawa, bamkubwa."

Nikawa nachemsha maji kwa kuni za mabua ya pamba, mpaka nilipouza mbuzi na kununua chungu kingine. Mama alikuja peke yake akaniuliza kinaoshwaje. Nikamwonyesha. Sikumlaumu, alifanya anachokijua.

Msimu huu nimelima kwa jembe la mkono. Shamba langu ni dogo kuliko la kila mtu hapa, wapitao wananitania. Doto anawakimbilia kuwasalimia.

Nilichojifunza: kitu kigeni kikiingia nyumbani, waeleze wote wanaokigusa, siyo wewe tu ujue. Kosa hilo ni langu. Ila kumkatalia mkubwa kwa ajili ya mtoto siyo kosa, na siombi radhi.

Wanaosema nano ni utapeli, karibuni hapa chini. Niambieni wanenu wanakunywa maji gani, halafu ndipo mnicheke. Na mwenye ujuzi wa kuondoa masizi kwenye chungu cha aina hii bila kuharibu ile fedha, tafadhali anielekeze. Kile cha kwanza bado sijakitupa.