Siku Mama Alipovunja Yai la Bibi

Juzi nilikuwa napita nyuma ya duka moja pale Same mjini, nikanusa harufu ya vumbi linaloungua juu ya balbu. Nilisimama ghafla. Mwenye duka alikuwa ameweka taa kwenye boksi la vifaranga, akadhani nataka kununua. Lakini akili yangu ilikuwa imeshapanda mlimani, kwenye chumba kidogo kilichopakana na jiko la mama yangu. Miaka mingi imepita, lakini kisa kile nikikikumbuka bado mwili unanisisimka.

Mama hakuzaliwa mlimani. Alitoka Kwakoa, kule tambarare upande wa Ziwa Jipe, kwenye jua na mbuzi, baba akamwoa na kumpandisha kwenye ukungu na migomba. Baba alikuwa na kazi mbali, nyumbani anaonekana sikukuu kwa sikukuu. Mama akabaki na mimi, na bibi mzaa baba, na majirani waliompenda lakini hawakuchoka kumchunguza. Makande yake yalisifiwa na wenyewe wa makande. Lakini akikosea neno moja la Chasu, lugha ya huku mlimani, litachekwa kisimani mpaka wiki iishe. Bibi alizoea kusema, bila ubaya wowote, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," na mama alikuwa akicheka pamoja nao.

Mwaka ule kideri kilifagia kuku wa kijiji kizima. Asubuhi unaamka, mabanda kimya. Waliosalia walikuwa wa kuhesabika, na kila mama mwenye kuku alimlinda kama mtoto mgonjwa. Ndipo mjomba, kaka yake mama, akatuletea kutoka Same mashine ya kutotolesha vifaranga: sanduku la mbao lenye balbu ndani, sahani ya maji, kipimajoto, na kifuniko kizito cha juu. Mama akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba mayai. Aliwaambia wayaache kwake, kuku wao waendelee kutaga, naye atawarudishia vifaranga. Wakampa. Nilikuwa mdogo, lakini hata mimi nilijua kwamba yale mayai yakiharibika, kijiji kitakuwa kimekosa mbegu ya kuku, na mama atakuwa amekosa pa kuweka uso.

Kila mmoja aliweka alama ya mkaa kwenye mayai yake. Mama Mbonea, jirani yetu wa karibu, alichora misalaba, wengine duara, wengine vistari. Bibi alichora kitu alichosema ni jembe, nasi tukakubali kuwa ni jembe.

Sasa, kwetu mtu akijifungua haachwi peke yake. Watu huenda kumwona mtoto, na mtoto hufunuliwa akaonekana. Akina mama wakayafanyia mayai hivyo hivyo. Walikuja na ndizi, walikuja na maziwa, wakapiga hodi, wakaketi, wakauliza, "Wanaendeleaje?" Mama anainua kifuniko. Wanainama, wanatafuta alama zao, wanalisifu joto, wanatoa pole kwa sanduku kana kwamba lina uchungu. Ubaridi wa mlimani unaingia chumbani nao. Wakitoka hawa, wanabisha wengine. Mimi nilifurahi mno, kwani sijapata kula ndizi mbivu kama siku zile.

Siku ya ishirini na moja ikafika, siku ambayo kila mwenye kuku anaijua. Mayai kimya. Kesho yake pia kimya. Chumba kikajaa watu, safari hii bila ndizi.

"Mama Nanzia," akaanza Mama Mbonea, akimwita mama kwa jina langu, kwa sauti ya upole inayotisha kuliko ukali, "haya si mayai viza haya?"

Mama akainamia sanduku, akakitazama kipimajoto.

"Vunja moja tuone," mwingine akasema. Lakini hakuna aliyetaka livunjwe la kwake.

Bibi akajipenyeza mpaka mbele. "Vunja la kwangu," akasema. "Likiwa bovu, tujue moja."

Mama akalitoa lile lenye jembe, akaligonga kwenye ukingo wa sahani. Wote tuliziba pua tukingoja uvundo. Uvundo haukuja. Ganda lilipasuka, kikamwagika kifaranga kizima, chenye macho na kucha na manyoya yaliyolowa, kiini cha yai bado kinaning'inia tumboni mwake. Kikafungua mdomo. Kikafungua tena.

Kilikuwa hai.

Mama Mbonea alishika kichwa. Bibi alikipokea kwa ncha ya kanga yake, akakipulizia pumzi ya joto, akaendelea hivyo hata baada ya sote kuona kwamba kimekata roho.

"Hawa wengine hawajafa," alisema hatimaye. "Wamechelewa tu."

Hapo mama akafanya jambo ambalo lilitushtua upya. Alifunga kifuniko, akatutoa wote nje, akavuta mlango, akaweka kigoda kizingitini na kukikalia.

"Hafungui mtu," alisema. "Hata wewe mama, unisamehe. Hata wewe."

Mkwe kumzuia mama mkwe mlango, mbele ya watu! Nilimtazama bibi nikingoja mbingu zianguke. Bibi alisimama na kanga yake mkononi, akamwangalia mama kwa muda mrefu. Kisha akawageukia wenzake.

"Mmesikia alivyosema mwenye nyumba," akawaambia. "Nendeni mkapike."

Siku ya pili yake, mchana, nilisikia mlio mdogo ndani ya chumba, kisha mwingine, kisha mingi. Si yote yaliyototoa, lakini mengi yalitotoa. Na hapo ndipo ilipogundulika kwamba alama za mkaa zilibaki kwenye maganda, wala hakuna kifaranga aliyetoka na msalaba wala jembe. Walibishana, wakacheka, wakagawana sawa.

Nilipokuwa mtu mzima nilimsimulia mjomba kisa hiki, nikidhani namfurahisha. Hakucheka. Alisema siku aliyoleta mashine alimwonya mama asiifunue ovyo, hata kwa ajili yake yeye mjomba, kwa sababu baridi ya mlimani ikiingia kila mara mayai yatachelewa, au yatakufa.

Nilishtuka kama siku ile ya yai. Nilimwendea mama nikamuuliza kama ni kweli alijua.

"Nilijua," alisema, akiendelea kuchambua maharage. "Nilikiona kipimajoto kikishuka kila wakija. Lakini ningewaambia nini, mwanangu? Wangesema huyu wa tambarare anatufungia mlango. Na kijiji hiki ndicho nilichokuwa nacho."

Siku zote nilikuwa nimejua kwamba mama yangu ni mkarimu. Sikujua kwamba kila alipoinua kifuniko kile akitabasamu, alikuwa anaogopa.