Mstari wa Mwisho wa Mzee Sostenes

Nina tabia ya kushuku watu, na sioni haya kuisema. Ualimu umeniongezea tu. Kwa hiyo nilipoanza kufundisha darasa la watu wazima huku Keza, saa tisa alasiri watoto wakishaondoka, jicho langu lilitua moja kwa moja kwa Mzee Sostenes.

Sostenes ni mhudumu wa josho. Kila Alhamisi wafugaji huleta ng'ombe waogeshwe dawa ya kupe, naye ndiye anayechanganya dawa, anayefungua lango na kuwapitisha mmoja mmoja. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minane bila cheti chochote. Mwaka huu ikaja barua: mhudumu asiyefaulu jaribio la hesabu, aljebra ikiwemo, ifikapo Novemba arudishe funguo. Migomba yake ilikuwa imeshamalizwa na mnyauko. Josho likimtoka, mzee hana pa kushika.

Ndiyo maana alikuja, na alikuja kila siku, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anaketi kama mtu aliyeitwa polisi. Nilipoandika x ubaoni kwa mara ya kwanza aliniuliza kwa nini namba inajificha nyuma ya herufi. Nikamwambia haijajificha, ila hatujaijua bado. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anayejificha na asiyejulikana, kwake ni mtu yule yule.

Kilichonitia shaka zaidi ni daftari lake. Swali la ndizi analimaliza vizuri, hatua kwa hatua: anatoa kila upande, anagawa kila upande, anapata jibu. Halafu swali la pili anafika katikati na kukata. Hatua zote sahihi, mstari wa mwisho haupo. Mtu anayekokotoa kwa akili yake huwa hakomi hapo. Nikaamua ananakili kwa Deodata, mama aliyekaa ubavuni pake, na kwamba Deodata hulifunika daftari lake mwishoni ili mzee asilione jibu. Nikamhamishia mbele, peke yake. Hakulalamika, na hilo nalo nikalishuku.

Siku ile nikaandika ubaoni swali la kumnasa, nililolitunga asubuhi nikinywa chai. Mzee Pancras ana ng'ombe. Ukiwazidisha mara mbili na kuongeza saba, unapata hamsini na moja. Ana ng'ombe wangapi? Jina nililiokota tu hewani. Mimi ni mtu wa Biharamulo mjini, nilikuwa na miezi mitatu Keza, sikujua kama kuna Pancras mwenye ng'ombe kilima cha pili.

Nikasimama nyuma ya Sostenes. Aliandika 2x + 7 = 51. Akatoa saba kila upande, akaandika 2x = 44. Hapo akaweka kalamu chini. Hakukuwa na wa kunakili kwake. Nikamwambia amalizie, amebakiza kugawa kwa mbili tu, hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Nilisema kwa ukali, na leo najuta.

Akafunga daftari. Akasubiri wenzake watoke, ndipo akanigeukia.

"Mwalimu, nani kakutuma?"

Nikamwambia hakuna aliyenituma, Pancras nilimtunga.

"Na hesabu yake umeitunga pia?"

"Pia."

Alinitazama kama anavyotazama ng'ombe anayechechemea. "Basi umetunga vibaya," akasema.

Niliona nimepiga palepale: Pancras yupo kweli, na idadi niliyoitunga ndiyo yake. Mzee huyu amewaona ng'ombe wa kata nzima wakipita mbele yake kwa miaka kumi na minane, na idadi ya kila zizi anayo kichwani. Hajawahi kuitaja. Ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa sauti. Kumhesabia mwenzio ni kumtakia wapungue, na wafugaji humfungulia mazizi kwa sababu anajua kunyamaza. Nikafungua daftari lake tena. Ndizi, mihogo, matofali, vyote vimemalizwa. Maswali ya ng'ombe, yote manne, kila moja na jina la mwenye ng'ombe, yamekatwa kabla ya jibu. Nilikuwa nimemwita mwizi moyoni mwangu mwezi mzima.

Nikamsihi. Karatasi ni karatasi tu, nikasema, na bila mstari wa mwisho hakuna alama.

"Karatasi inatembea, mwalimu. Na hiyo barua ya jaribio, uliwahi kujiuliza kwa nini kuogesha ng'ombe kunahitaji x?"

Niliona anatia chumvi. Nikafuta ubao, nikamwombea kimya kimya.

Novemba alifanya jaribio. Nilimsubiri nje. Akatoka, akasema swali la ng'ombe lilikuwepo na amelijibu hadi mwisho. Mwenye ng'ombe hakutajwa jina, alisema, na ng'ombe wasio na mwenyewe hata yeye anawahesabu. Alifaulu. Nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi, na Deodata akanicheka.

Januari rejesta mpya zikafika joshoni. Safu ya kwanza jina la mfugaji, safu ya pili idadi ya ng'ombe. Sasa kwa kuwa mhudumu anajua hesabu, alisema Bwana Mifugo Faustini, atajaza kila Alhamisi na rejesta itapelekwa juu. Nikakumbuka lile swali: nani kakutuma? Hakuna aliyenituma, na bado nilikuwa nimetumwa.

Wiki mbili baadaye Faustini alinifuata shuleni na rejesta mkononi. Majina thelathini na moja, mwandiko umetulia. Chini kabisa jumla, kwa ajili ya kipimo cha dawa: 418. Mbele ya kila jina, la Pancras likiwemo, herufi moja tu: x.

Akaniuliza, kwa kuwa Sostenes ni mwanafunzi wangu, hii x ya Pancras ni ngapi.

Niliushika ule ukurasa, nikajifanya nakokotoa.

"Haipatikani," nikamwambia. "Kila mfugaji ana x yake. Jumla ni moja, wasiojulikana ni thelathini na mmoja. Hata mimi mwalimu siwezi."