Mandolini na Benchi la Wanamuziki

Kanisa letu liko Katwe, ghorofani, juu ya karakana ya watu wanaotengeneza masanduku ya bati. Humo ndani wanamuziki tuna benchi letu, mbele, upande wa dirisha. Nimelikalia tangu nilipofika Kampala kutoka Kongo, na sikuwahi kujiuliza kama ni langu. Wazee wengine wanakaa nyuma kwenye viti vya plastiki, karibu na mlango, mahali ambapo kila anayeingia anawashika mkono na kuwasalimia kwa sauti kubwa, kana kwamba wote ni viziwi. Sina ubaya na wazee wale. Wengine ni wadogo kwangu. Lakini kule sikutaka kwenda.

Shida ilikuwa vidole. Gitaa nimelipiga tangu Bukavu, kwenye harusi, kwenye baa, halafu kanisani baada ya kuacha baa, ingawa baa sikuiacha kwa siku moja, lakini hiyo ni habari nyingine. Sasa vidole vya mkono wa kushoto vimekakamaa. Shingo ya gitaa imekuwa pana kwangu, naishika kama mtu anayeshika mguu wa kitanda. Mama anayeongoza kwaya aliona. Ni mtu wa haki na hana maneno mengi. Aliniita pembeni baada ya ibada, akanieleza kwamba gitaa amempa kijana mmoja wa kwaya, na kwamba benchi ni la wanaopiga.

"Baba, sikufukuzi," akasema. "Siku ya mavuno utupigie wimbo mmoja, kwa chombo chochote. Ukishindwa, utakaa na wazee wenzako, na chai tutakuletea huko huko."

Ile chai ndiyo iliyoniuma.

Chombo nilikuwa nacho, chini ya kitanda. Kabla ya hapo mke wangu alikuwa amenituma Ggaba, ziwani, kununua mgongo wazi, maana samaki akishatolewa minofu, kile kinachobaki ndicho chetu sisi, na mke wangu anakipika mpaka unasahau kwamba nyama imekwenda Ulaya. Njiani nilikuta mzungu mmoja anarudi kwao, ametandaza vitu vyake nje ya geti. Kati ya masufuria nikaona kigitaa kidogo, tumbo kama pera, kile wanachokiita mandolini, na kitabu chake. Nikanunua. Nyumbani niliambiwa nimetumwa samaki nikarudi na mbao, na siku ile tulikula maharage.

Basi nikakitoa. Nyuzi zake zilikuwa zimeoza kwa kutu, na hapa mjini sijaona mtu anayeuza za namna ile. Lakini sisi tuliokulia Kongo tulijifunza muziki kwa waya za breki za baiskeli. Nikaenda kwa fundi wa bodaboda, akanipa kebo ya klachi iliyokatika, nikaifumua nyuzi moja moja, nikafunga zote nane, mbili mbili. Kitabu ni cha Kiingereza, nami shule niliishia darasa la nne, tena kwa Kifaransa. Lakini nyimbo zimeandikwa kwa namba juu ya mistari minne, na namba ni namba. Namba inakuonyesha ubane kwenye chuma cha ngapi, katika vile vyuma vinavyokatiza shingo. Kurasa za mwanzo nikaziruka. Zilikuwa na picha ya mtu anakaza nyuzi, nami nimekaza nyuzi za watu wengi, wengine wamekufa. Nani atanifundisha hilo?

Nilipiga namba zile kila siku, kuanzia kabla ya mvua mpaka mtaa wa Bwaise ukajaa maji na shemeji yangu anayekaa huko akahamia kwetu na magodoro yake. Wimbo haukutoka. Sauti zilikuwa kama za majirani wanaogombania choo. Shemeji alivumilia siku mbili, akauliza kama maji ya Bwaise yamekwisha kupungua. Mimi nikaamua kwamba aliyeandika kitabu hana masikio.

Chini ya nyumba tunayopanga kuna duka la mama mmoja Mwislamu. Babu zake walitoka pwani na msafara wa biashara wakabaki hapa, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mtu yeyote ninayemjua Kampala. Amehiji, kwa hiyo wote tunamwita Hajati. Kiingereza anakisoma. Nikamshukia na kitabu na chombo chenyewe.

"Mkongo," akasema, "gitaa lako limezaa?"

Nikamjibu kwamba limezaa mtoto mkaidi, hasikii. Nikamfungulia ukurasa wa wimbo, nikamwomba anisomee tatizo liko wapi. Akakifunga kitabu, akakifungua upya kutoka mwanzo. Kwao, alisema, mtoto akipelekwa chuoni kusoma Kurani haanzii katikati. Akasoma polepole, huku anapima sukari na kumpa mtu sabuni, kisha anarudi kwenye mstari. Kitabu kilisema huu ni muziki wa milimani kule Amerika, unaitwa blugrasi, maana yake majani ya rangi ya bluu. Tukabishana kidogo kuhusu majani hayo. Halafu akageuza ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mzee, wewe nyuzi ulizifunga namna gani?"

"Kama gitaa. Ningefunga namna gani?"

"Kitabu kinasema usifunge kama gitaa."

Mteja aliyekuwa anasubiri mafuta ya taa akacheka, wala hakujua tunazungumza nini. Hajati hakucheka. Alinisomea mara ya pili. Kwenye gitaa, unapokaza nyuzi, ukitaka kupata sauti ya uzi unaofuata, unabana chuma cha tano. Kwenye mandolini ni chuma cha saba. Mkono wangu ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye cha tano, kama unavyokwenda tangu ujana, na juu ya kosa hilo nikajenga nyimbo zote za kitabu. Nikakaza upya pale pale juu ya gunia la mchele. Waya mmoja ulikatika ukanichapa shavuni. Zile nyingine zilishika. Nikapiga mstari wa kwanza wa wimbo wa kwanza, na wimbo ukatoka, mfupi, wa kitoto, lakini wimbo.

"Kale," akasema Hajati kwa Kiganda, yaani haya basi. "Sasa mtoto amesikia."

Lakini mavuno yalikuwa yamekaribia, na nyimbo za kitabu kile zinakimbia sana. Vidole vyangu havikimbii. Nikarudi kwa Hajati nikamweleza kwamba nimechelewa. Yeye akaendelea kusoma tu, mpaka akafika mahali panaposema kwamba watu wa muziki huo hawana ngoma, mandolini ndiyo ngoma yao. Unabana nyuzi zote, unapiga mara moja, halafu unalegeza vidole kidogo ili sauti ife hapo hapo. Cha. Kama kisu kinachokata mboga kwenye ubao. Na hupigi pale mguu unapokanyaga, unapiga pale mguu unapoinuka.

Hilo vidole vyangu viliweza. Nikaenda kujifunzia karakanani, chini ya kanisa, kwa sababu wale wa masanduku wanagonga bati kutwa nzima kwa mwendo mmoja. Nyundo ikigonga mimi nasubiri, ikiinuka napiga. Fundi mmoja aliniuliza kama nawajibu au nawatukana.

Siku ya mavuno watu walileta ndizi, mahindi, kuku wawili. Mwenye jengo alikuwa ametukataza ngoma na spika kwa ajili ya majirani, kwa hiyo kwaya ilikuwa na gitaa la yule kijana na makofi ya akina mama, na tangu ngoma iondoke walikuwa wanaanza wimbo wakitembea na kuumaliza wakikimbia. Nikaketi kwenye benchi. Nikapiga wimbo wangu mmoja, kwaya ikiimba, cha, cha, cha, toka mwanzo hadi mwisho, wala sikubadilisha kitu. Makofi ya akina mama yaliangukia pale pale ninapopiga, yakanifunika. Hata mimi sikujisikia. Ulipokwisha, kwa mwendo ule ule ulioanza nao, nikaweka chombo magotini, nikajua kwamba nimepiga na hakuna aliyesikia, na nikaanza kutazama viti vya plastiki nione kipi kiko wazi.

Wakaanza wimbo wa pili bila mimi. Kufika kiitikio walikuwa wameshakimbia. Kijana wa gitaa akawafuata, akawapoteza. Mama wa kwaya akageuka. Akanitazama mimi, akatazama mandolini, akaniinulia kidevu.

Nikaingia. Kwanza walinipita. Nikang'ang'ana pale pale, kama ile nyundo, mpaka makofi yakarudi moja moja na sauti zikafuata.

Nilipiga nyimbo zote zilizobaki, mahubiri yakachelewa. Baada ya ibada mama wa kwaya alipita kwenye benchi akikusanya vitabu vya nyimbo.

"Sikukusikia kabisa, baba," akasema. "Mazoezi ni Jumamosi, usichelewe."

Chai waliniletea palepale dirishani. Nikainywa kwa mkono wa kulia, ule mwingine ulikuwa umekataa kufunguka.