Gitaa Lililoanikwa na Karafuu

Baba yangu aliacha kupiga gitaa aliporudi Hijja. Hakuna aliyemwambia aache. Alifika Wete na tasbihi, maji ya zamzam na kikohozi, akapumzika, kisha akalifunga gitaa lake katika kanga kuukuu ya mama na kumpa mvuvi mmoja wa kisiwa cha Fundo aliyekuwa akilitamani tangu zamani. Mvuvi akalilaza mashuani juu ya nyavu, akaondoka nalo. Mama alisikitikia kanga.

Mimi nilisikitikia gitaa. Nilizoea kukaa chini karibu na miguu yake barazani, baada ya sala ya alasiri, akipiga peke yake zile nyimbo za harusini, polepole, bila ya mwimbaji. Miaka yote iliyofuata nilitaka jambo moja nisiloweza kulitamka mbele yake: nimsikie tena, hata mara moja, angali hai.

Isidhaniwe kwamba kikundi chake cha taarabu kilimlilia. Kikundi kilikuwa kimeshavunjika. Siasa ya vyama vingi ilipoingia Pemba, fidla ilikwenda upande huu, ngoma na waimbaji upande ule, na harusi nazo zikawa na vyama. Ukialikwa, unauliza kwanza ni ya nani, kisha unashikwa na homa. Baba alikataa kushikwa na homa. Alisema atapiga kwa wote, na kwa hivyo hakuna aliyemwita.

Mimi nilikua, nikawa mwalimu wa skuli, na simu zikaja na picha. Humo ndani nikakuta watu wa Dar es Salaam wakiuza magitaa yaliyokwishatumika, haya ya kawaida yasiyotaka umeme. Nikaanza kuyatazama kila siku, kama vijana wenzangu walivyokuwa wakitazama mipira ya Ulaya. Wauzaji wana lugha yao. "Limetumika kidogo" maana yake mwenyewe alishindwa kujifunza. "Lina historia" maana yake limewahi kuvunjika. Na picha iliyopigwa kwa mbali, gitaa likiwa limeegemezwa kwenye sofa zuri, basi kinachouzwa hapo ni sofa.

Nilijifunza kwa hasara. Gitaa la kwanza lilikuja na shingo iliyopinda hata ungeweza kuwindia kama upinde. Nikalitoa sadaka kwa kabati la skuli, na humo limo mpaka leo. Baada ya hapo nikawa mkali. Nilimtaka muuzaji apige picha kutokea kichwani, jicho likifuata shingo yote, kama fundi anavyoutazama ubao kabla ya kuununua. Nilimtaka atie sarafu chini ya nyuzi ili nione zimekaa juu kiasi gani, kwani nyuzi zilizo juu huumiza vidole, na vidole nilivyokuwa navifikiria havikuwa vyangu. Nilimtaka apige uzi mmoja mmoja na kunirekodia. Picha ya ndani ya tundu la kifuani ndiyo iliyowakimbiza wengi. Mmoja tu alinitumia bila ya kubisha, na ndani mlikuwa na mayai ya mjusi. Akanihakikishia kwamba hayaathiri sauti.

Hatimaye nikapata moja zuri, la rangi ya asali, shingo imenyooka, daraja la kushikia nyuzi limelala vizuri kifuani. Nilimwambia baba ni la skuli. Akasema skuli ina bahati, akarudi kwenye msahafu wake. Mpango wangu ulikuwa kuliegemeza barazani, karibu na kiti chake, na kujifanya nimelisahau.

Lilikuja kwa meli, na meli ilinyeshewa. Boksi lilipofika nyumbani lilikuwa limelowa na gitaa linanuka ukungu. Nikaliacha uwanjani kwenye kivuli, nikaenda kufundisha. Ulikuwa msimu wa karafuu na mama ametandika majamvi uwanja mzima. Niliporudi, gitaa lilikuwa limelala katikati ya jamvi, kifua juu, limezungukwa na karafuu pande zote, jua la adhuhuri linaliwakia.

"Lanuka ukungu mwanangu," mama akasema. "N'kalianika."

Na hakulianika kwa uvivu. Kila alipogeuza karafuu aligeuza na gitaa, ili likauke sawasawa mgongo na kifua. Wingu lilipotanda kidogo aliingiza karafuu kwanza, kisha wingu likapita, gitaa likabaki. Huwezi kumgombeza mwanamke wa Pemba kwa kuanika kitu. Pweza, muhogo, godoro la mtoto, karafuu zenyewe zilizonisomesha: kila kilichomtia wasiwasi maishani mwake alikitoa juani kikapona. Gitaa halikupona. Ubao wa kifua ulikuwa umeatuka kutoka kwenye tundu mpaka chini, ufa mwembamba kama unywele, na daraja limebanduka kwa nyuma kiasi cha kupitisha karatasi. Nilishukuru kwa sauti, nikaingia ndani, nikakaa kitandani. Niliumia sana. Nilihisi nimeanikwa mimi.

Baba alilipita gitaa akienda msikitini, akalipita tena akirudi. Basi nikakata tamaa, nikaamua kuliuza kama walivyoniuzia. Nikalipiga picha kwa mbali, likiwa limeegemea kiti, nikaandika kwamba liko katika hali nzuri na limetumika kidogo. Kijana mmoja wa Unguja akalitaka siku ileile. Hakuuliza chochote kuhusu shingo wala tundu. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

Jioni, mama akichambua karafuu na mimi nikimsaidia, nilimweleza habari ya mnunuzi. Baba alikuwa kwenye kiti chake barazani. Hakuuliza habari ya skuli; aliniuliza kama nimemwambia mtu huyo kwamba limeatuka. Nikasema ufa hauonekani pichani.

"Ndiyo maana n'kakuuliza," akasema. "Ungeonekana, angejionea mwenyewe."

Nikajua nimeingia pabaya. Kwetu, hata anayeuza mbuzi sokoni hukutajia jicho bovu kabla hujamshika kamba. Ukificha kasoro, biashara haina baraka na pesa hujui zitakupotelea wapi. Baba alinieleza haya yote kwa utaratibu, kana kwamba sikuwahi kuyasikia. Nikasema haya, nitamwandikia kuhusu ufa na daraja. Akauliza: na nyingine? Nikasema sizijui. Akasema basi siwezi kuuza nisichokijua.

"N'letee n'lione," akasema.

Nikalileta. Alilishika kwa shingo na kuliinua usawa wa jicho, akalitazama kwa muda. Akaligonga mgongo kwa kifundo cha kidole huku na huku, akisikiliza kama agongaye fenesi. Akapitisha ukucha juu ya ufa. Akanusa tundu, akasema karafuu zimekauka vizuri. Kisha akasema kwamba kasoro ya uzi haijulikani kwa kuutazama, akalipakata, akaanza kuzilinganisha nyuzi, sikio limeinamia ubao.

Akapiga uzi mmoja mmoja. Wa pili ulikuwa unanguruma katikati ya shingo, akaniambia nimwandikie hilo. Lakini ili kuwa na hakika ilibidi apige nyuzi mbili pamoja, kisha tatu, kisha akasema mngurumo mwingine hujificha, hautoki mpaka mkono utembee. Mkono ukatembea. Ulitembea taratibu, ukakwama, ukarudi nyuma, halafu ukaupata ule wimbo wa kumtoa bi harusi nje. Mama aliacha kuchambua. Mkononi alikuwa na shada la karafuu, akawa analitazama hilo tu. Mimi nilikuwa na furaha kubwa hata niliogopa kuhama pale nilipokaa, asije akakumbuka kwamba mimi nipo.

Kesho yake, baada ya alasiri, aliniambia nilete gitaa, ukaguzi haujakamilika. Keshokutwa yake vilevile. Jirani yetu wa upande ule, aliyekuwa akipiga fidla na ambaye tangu uchaguzi hatukuwa tukiendeana hata kwa mazishi, alianza kutoa kiti chake nje wakati huohuo na kukaa akitazama barabara. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemkataza.

Kijana wa Unguja akachoka kusubiri. Akaniandikia: ufa ameukubali, daraja amelikubali, mngurumo ameukubali, sasa kumebaki nini? Nilimsomea baba ujumbe huo. Alikuwa amelipakata gitaa, akijaribu kupitisha vidole mahali palepale ambapo vilikuwa vikikwama tangu siku ya kwanza. Alijaribu tena. Vikakwama. Akavitazama vidole vyake, akavikunja na kuvikunjua.

"Mwambie asubiri," akasema. "Kuna kasoro moja sijaijua kama ni ya gitaa au ni yangu miye."

Nikatoka mpaka kwenye majamvi nisije nikalia mbele yake. Hapo nikamwandikia kijana kwamba gitaa haliuzwi, atafute jingine, na akilipata ahakikishe ametumiwa picha ya ndani ya tundu.